Mstari wa Kidole cha Mama

Majivu makavu hayana harufu. Mpaka uyamwagie maji ya moto ndipo yanapoitoa, harufu kama ya jiwe lililopigwa na mvua, yenye ukali mdogo unaobaki nyuma ya pua. Siku ya kumaliza matanga ya mama yangu, hapa Butembo, nilikuwa saloni, chumba cha wageni, nikipanga viti vya jirani ili virudishwe, nikaisikia harufu hiyo ikitoka jikoni, nje upande wa migomba. Nilisimama na kiti mkononi. Ndugu zetu walikuwa wameshaondoka. Katika parseli ile, kiwanja chetu, mtu wa kumwaga maji ya moto juu ya majivu alikuwa mama peke yake, na mama tulikuwa tumemzika.

Kabla sijasema nilimkuta nani jikoni, lazima nieleze sakafu yetu ya zamani, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo.

Mliokua wakati wetu mnaijua nyumba ya namna yetu: miti na udongo, mabati juu, kwenye kilima ambako upepo ulileta vumbi jekundu mchana kutwa. Sabuni ilikuwa ya mwili na ya nguo za misa. Nyumba ilisafishwa kwa vitu vilivyopatikana karibu na mlango. Sufuria tulizisugua kwa majivu na fungu la majani makavu ya mgomba. Vikombe vilivyoshika rangi ya chai vilipakwa limau na kuachwa juani. Mama alichoma maganda ya maharage, akatia majivu yake katika chungu kilichotobolewa chini, akayamwagia maji ya moto. Yale yaliyodondoka, ya rangi ya chai hafifu, yenye kuteleza katikati ya vidole, yaliondoa mafuta kwenye meza na jasho kwenye kola za mashati ya baba. Majani ya mkalitusi aliyachemsha, na maji yake akayanyunyiza chini ya vitanda dhidi ya viroboto. Mama alikuwa ametoka Kipese, kwenye baridi na ng'ombe. Alisema mtu mwenye majivu na limau akikaa katika uchafu, uchafu huo uko ndani yake.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa sakafu. Kila Jumamosi alikanda udongo wa kichuguu na kinyesi kibichi cha ng'ombe, akaongeza majivu aliyoyachekecha kwa kitambaa, akalainisha kwa maji ya mkalitusi mpaka mchanganyiko ukashika mkono bila kuung'ang'ania. Kisha alipiga magoti kwenye ukuta wa mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni, mkono wa kulia ukichora upinde baada ya upinde, kama magamba ya samaki. Sakafu iliyosiribwa hivyo haikutoa vumbi, na pasipo vumbi funza hakai. Watoto wa majirani walitembea kwa visigino kwa sababu ya vidole vilivyoliwa. Sisi tulikanyaga kwa mguu mzima.

Mama alikuwa na kidole cha pete kibovu. Alipokuwa msichana mundu ulimkata mshipa, na tangu hapo kidole kilibaki kimejikunja, hakinyooki. Kwa hiyo kila upinde aliouchora ulikuwa na mstari mwembamba ulioinuka, mahali ambapo kidole hakikugusa. Wanawake wengine walisiriba vizuri pia, lakini mstari huo ulikuwa wa mama tu. Nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, na niliamini kwamba ndiyo saini yake. Niliweza kufumba macho, kutembeza kidole gumba cha mguu sakafuni, na kuufuata mstari toka ukutani mpaka mlangoni bila kuupoteza.

Baba alikuwa mtu wa safari. Alinunua mafuta ya mawese na kahawa upande wa Mangina, akavileta Butembo kwa lori, akarudi na chumvi na vitenge. Alikuwa mcheshi, na alipenda usafi. Akifika kutoka safarini alivua viatu mlangoni, akasimama kidogo juu ya sakafu kwa miguu mitupu, akasema, "Aah. Hapa ni kwangu." Nadhani mama alifanya kazi ya wiki nzima kwa ajili ya neno hilo.

Safari moja alirudi na msichana mkubwa, mwenye mzigo mdogo kichwani.

"Mama Masika," alisema, "huyu ni Kahindo. Ni mutoto ya rafiki yangu ya Luofu, baba yake alikufa. Umufundishe kazi ya nyumba. Akitoka hapa akuwe mwanamuke mwenye batu banaweza kuona."

Mama alimtazama mikono kwanza, halafu uso. "Unajua kufua?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo haitoe jasho mu kola. Weka muzigo, ukuje."

Mimi nilimwita yaya, dada mkubwa. Alinisuka nywele, alinibeba mgongoni tukienda kisimani ingawa nilikuwa mzito. Niliona kuwa Mungu ametuletea mtu ili mama apumzike. Mama hakupumzika. Alimfundisha Kahindo kama mtu anayehamisha mali kutoka nyumba moja kwenda nyingine, hakuacha hata kijiko. Bado nasikia sauti zao uani.

"Hapana maji mingi! Unapika uji?"

"Mama, lakini iko kavu."

"Iko kavu sababu unaogopa mavi ya ngombe. Ingiza mikono. Mpaka hapa. Ngombe alikula majani, hakukula mutu."

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. "Mama Masika, usiue mutoto ya wenyewe."

"Alikuja kujifunza ao alikuja kutembea? Kesho akienda kwa bwana, sakafu ikipasuka, bwana yake ataniuliza mimi."

Baba alicheka sana kwa maneno hayo, mpaka akajifuta macho. Kahindo aliinamisha kichwa juu ya ndoo. Mimi nilicheka kwa sababu baba alicheka.

Saloni na vyumba vilibaki kazi ya mama. Kahindo alipewa jiko, ambako moshi ulikuwa mwingi na mimi sikupenda kuingia. Kwa hiyo sikuwahi kutazama mkono wake ukifanya kazi.

Tulikuwa tumevuna maharage mara mbili tangu aje, baba aliposema ndugu zake wamemwita, amepata mchumba. Mama alimshonea blauzi. Akampa pia chungu chake kizuri cha kuchujia majivu, akakifunga kwa nyasi ili kisivunjike njiani. Tulimsindikiza mpaka barabarani. "Hapana kusahau kuchekecha," mama alimwambia. "Majivu yenye makaa inakwaruza." Kahindo alipiga magoti hapo hapo kwenye mavumbi, akasema, "Wasingya, mama," shukrani ya kikwetu, na alilia bila kuinua uso. Niliona kwamba anatupenda sana.

Likizo iliyofuata baba alinipeleka Beni. Sijui kwa nini alikubali. Labda nililia sana, labda alijiamini. Tulishuka kwa lori, mimi juu ya magunia, na joto likatupokea, na michikichi. Nililazwa kwa rafiki yake, msafirishaji Mwislamu mwenye nyumba kubwa ya simenti iliyojaa watoto. Baba alisema yeye analala depo, kulinda mizigo. Mke wa rafiki yake, mama mpole aliyenilisha kupita kiasi, hakuwa ameelezwa kwamba kuna jambo la kuficha. Asubuhi moja alinipa chapati zilizofungwa kwa kitambaa.

"Upelekee baba yako zikiwa moto. Nyumba ya mwisho kwa hii njia, yenye mulango ya bulu."

"Pa depo?"

"Depo ya nini? Pa nyumba yake!"

Nilibisha hodi, hakuna aliyejibu. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikausukuma.

Ilikuwa saloni ndogo, na giza la ubaridi baada ya jua lile. Nilisikia harufu ya mkalitusi, kisha limau. Nilitazama chini. Nilivua kandambili bila kuambiwa, nikafumba macho, nikatembeza kidole gumba cha mguu. Upinde. Upinde. Na katikati ya kila upinde, mstari ulioinuka, mwembamba kama uzi, ukienda mpaka mlangoni.

Akili ya mtoto haikosi njia. Mama alikuwa ameenda Kipese siku chache kabla ya likizo, dada yake alipojifungua. Basi nikaelewa: hakwenda Kipese. Alikuja huku kwa siri kusiriba sakafu yetu mpya. Tutahamia Beni. Baba hatasafiri tena, atavua viatu kila jioni. Niliweka chapati mezani, nikatoka kimya ili nisiharibu siri yao, na siku zote zilizobaki nilikaa na furaha hiyo mdomoni kama pipi ambayo mtu hataki iishe.

Tulipofika Butembo, baba alibaki sokoni kushusha mizigo. Nilimkuta mama uani akichekecha majivu.

"Mama, niliona nyumba yetu!"

"Gani?"

"Ya Beni. Yenye mulango ya bulu. Tutahamia lini?"

"Nani alikuambia ni yetu?"

"Hakuna mutu. Niliona sakafu yako."

Alicheka kidogo, mikono ikiendelea. "Sakafu zinafanana, Masika."

"Hapana, mama. Iko na mustari."

Kitambaa kikasimama.

"Mustari gani?"

"Ya kidole yako." Nikachuchumaa, nikamchorea kwenye majivu: upinde, na mstari ndani yake. Hakutazama mchoro wangu. Alitazama mkono wake mwenyewe, kile kidole kilichojikunja, kana kwamba kimezungumza.

"Sakafu yote?"

"Yote. Mpaka pa mulango."

Halafu aliuliza swali ambalo sijawahi kulisahau, kwa sauti ile ile ya siku za kazi. "Na ilikauka muzuri?"

"Muzuri sana. Haina ufa hata moja."

"Basi alisikiliza," mama alisema.

Nilidhani anamsema baba.

Aliinuka, akabeba ndoo ya mchanganyiko aliokuwa ameutayarisha kwa ajili ya Jumamosi, akaimwaga yote kwenye migomba. Akaikung'uta chini mara moja ili isibaki na kitu. Nilimfuata nikimuuliza kama mchanganyiko umeharibika, na akasema ndiyo, umeharibika.

Baba alipoingia jioni, alivua viatu kama kawaida. Sakafu ilikuwa ya wiki iliyopita, imeanza kuchubuka, na mama hakuwa hata ameifagia.

"Vaa," alimwambia. "Iko vumbi."

Sikusikia neno jingine kati yao, ingawa nilitega sikio. Alirudi mara chache baada ya hapo, kila mara kwa muda mfupi, na siku moja nikatambua kwamba nimeacha kusikiliza mlio wa lori. Nilimaliza darasa la sita, na hakuna aliyenipeleka la saba. Ilinichukua miaka kadhaa kupanga vipande vile mahali pake: depo, chungu cha kuchujia, magoti kwenye mavumbi ya barabara, kicheko cha baba. Hakuna aliyenieleza. Niliendelea kukua, na kila kipande kikajieleza chenyewe wakati wake ulipofika.

Mama aliuza migomba yake ya Kipese akamwagia saloni na vyumba simenti. Jiko peke yake lilibaki la udongo, na hilo alilisiriba akiwa amefunga mlango kwa ndani. Nilipofika umri wa Kahindo nilimwomba anifundishe.

"Kazi hii nilishafundisha mutu moja," alisema. "Imetosha."

Nilimwomba tena nilipoolewa, na tena nilipozaa. Jibu lilikuwa lile lile, hata pumzi kabla yake ilikuwa ile ile.

Basi nilijifunza peke yangu. Nilisiriba vipande vya mbao, kimoja baada ya kingine, kila mara nikibadili kitu kimoja tu, nikavianika na kungoja. Niligundua kwamba majivu ya maganda ya maharage yanashinda ya kuni za mkalitusi; kwamba kinyesi kikilala usiku mmoja, sakafu inapasuka; kwamba udongo wa kichuguu ukizidi, sakafu inateleza. Katika kitabu cha shule kilichochakaa nilisoma kwa nini maji ya majivu yanakata mafuta, na nilifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Lakini mstari ulinishinda. Nilikunja kidole, ukucha ukakwaruza. Nilikiinua, kiganja kikalala upande. Mstari wangu ulikuwa mchubuko, si uzi. Na mlango wa jiko la mama ulikuwa na komeo.

Sasa nirudi kwenye siku ile ya matanga, na kile kiti mkononi.

Jikoni mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mzee, mwembamba, alikuwa amepiga magoti akinipa mgongo, na ndoo pembeni yake. Alikuwa amefika zaidi ya nusu ya sakafu.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Masika," alisema bila kugeuka. "Kahindo."

Nilijua kwamba baba alizikwa zamani, upande wa Mabalako, mbali kupita Beni, ambako yeye na Kahindo walikuwa na shamba. Nilisikia pia kwamba watu wa huko wengi wamekimbia vita na kuja kwetu na chochote walichoweza kubeba. Sikuwahi kufikiri kwamba yeye ni mmoja wao. Alisema anakaa kwa binti yake, nyuma ya soko, na kwamba siku ya mazishi alisimama barabarani.

"Nani alikutuma hapa?"

"Hakuna. Jiko ya mama haiwezi kubaki na vumbi ya kilio. Angenigombeza."

Alisema mama. Nilitaka kumnyang'anya ndoo. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake. Upinde ulifuata upinde, na katika kila upinde mstari uliinuka, mwembamba, ule wenyewe. Kidole chake cha pete kilikuwa kimejikunja.

"Kwa nini unakunja kidole?"

"Njo vile alinifundisha."

"Hakukufundisha vile. Kidole yake ilikatwa na mundu. Haikukuwa inanyooka."

Mkono wake ulisimama. Aliutazama muda mrefu, akiugeuza huku na huku. "Siku moja aliniona nakikunja," alisema, "akacheka, akaniacha. Nilizani anafurahi. Nilizani njo kazi yenyewe." Akajaribu kukinyoosha kwa mkono mwingine, kikakataa. "Sasa na mimi hakinyooki tena. Ni hizi sakafu."

Kisha akasogea kidogo ukutani, akaacha nafasi kando yake, nafasi ya mtu mmoja kupiga magoti.

"Lete mukono, nikuonyeshe. Hapana kukikunja kwa nguvu. Unakiacha tu kibaki nyuma, vidole vingine vikitangulia."

Kitu nilichokuwa nimekitafuta kwenye mbao tangu ujana wangu kilisemwa hivyo, kwa maneno machache, na mtu yule. Sakafu mbele yake ilikuwa bado mbichi. Magoti yangu yalitaka kushuka. Niliyahisi yakitaka.

"Hapana," nilisema. "Maliza, uende."

Alimaliza. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akanawa kwa maji ya majivu na kusugua kucha kwa kipande cha limau, akaenda. Sikumpa hata maji ya kunywa, katika nyumba ya matanga, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Sakafu ilikauka vizuri. Haina ufa hata mmoja.

Nyuma ya soko nimepita mara kadhaa tangu siku hiyo, na mlango wa binti yake naujua. Sijabisha hodi. Sakafu ya namna hii hutaka mkono kila wiki, na juu ya mistari ile sitaki kuweka mchubuko wangu. Kwa hiyo ninafagia tu, asubuhi, kwa ufagio laini, nikitoka ukutani kwenda mlangoni kama mama. Mstari ndio unaoanza kulika, kwa sababu ndio ulioinuka. Nisipofagia, ni uchafu, na mama alishasema uchafu huo uko wapi. Nikifagia, nauona kwenye ncha za ufagio, unga wa kijivu, kidogo tu, na ninautoa nje.